Mabati Tuliyoyashusha

Somo: Nehemia 1:1-4 na 2:11-18

Fungueni Nehemia mlango wa pili na muweke kidole hapo, maana kabla hatujasoma nataka muangalie picha hii niliyoishika. Walio nyuma msijali, mashemasi watapita nayo. Shikeni fremu, msishike kioo.

Na wewe unayesoma hapa kwenye jarida, ambaye Jumapili ulikuwa zamu bandarini au ulikuwa unauguza, nikueleze ilivyo. Ni picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, karatasi imeingia madoa ya manjano kama ya chai. Inaonyesha kanisa kubwa la mawe lisilo na paa. Nguzo zimesimama, matao yamesimama, na dirisha la mbele, refu kama mnazi, nalo limesimama, lakini kioo hakuna na huko juu ni mawingu tu. Mimea imetambaa ukutani mpaka kileleni. Chini kuna watu wawili wadogo sana, mmoja ameinua fimbo anamwonyesha mwenzake. Hapo chini kabisa kumeandikwa jina: Tintern Abbey.

Ilitufikiaje? Ndugu yetu mmoja wa hapa kanisani alikuwa mpishi kwa mzee wa Kiingereza kule Nyali, miaka mingi. Mzee alipokuwa anarudi kwao alimwachia vyombo, friji na picha hii. Friji ikafa. Picha akaniletea ofisini akasema, "Mchungaji, hili ni kanisa. Si vizuri likae jikoni kwangu na moshi."

Nikaitundika juu ya meza yangu. Miezi miwili imekaa pale. Kila mgeni akiingia anaisifu, na mimi nasema ndiyo, ni nzuri. Na kweli ni nzuri, sitawadanganya. Nilikuwa nikichoka na mambo ya kamati nainua macho naitazama, napata utulivu. Mpaka siku binti yangu, yule aliye chuo, akaniuliza, "Baba, unajua hapo palitokea nini?" Nikasema sijui. Akakaa chini akanitafutia na kunisomea, na tangu siku hiyo utulivu umekwisha.

Haya, sikilizeni. Abbey ndiyo abasia. Wenzetu wa Tanzania neno hili wanalijua, wana Abasia ya Peramiho na ya Ndanda, ziko hai mpaka leo. Ni nyumba ya watawa wanaoishi pamoja, wanasali kwa saa zilizopangwa usiku na mchana, na kati ya sala wanalima. Hii ya Tintern iko Wales, kando ya mto Wye, na ilianzishwa mwaka 1131. Kanisa kubwa mnaloliona kwenye picha lilianza kujengwa 1269. Watu walisali pale miaka mia nne. Hebu fikiri. Sisi tukifikisha miaka ishirini na kitu tunachinja ng'ombe.

Mwaka 1536 Mfalme Henry VIII wa Uingereza akaanza kuzifunga. Zilikuwa zaidi ya mia nane nchi nzima, na kufikia 1540 zote zimekwisha. Kulikuwa na sababu za dini, na kulikuwa na sababu za pesa, na mimi nikisoma naona za pesa zilikuwa na miguu mirefu zaidi. Ardhi ikagawiwa wakubwa. Watawa wa Tintern wakatoka Septemba mwaka huo wa 1536.

Sasa hapa ndipo nilipokwama. Hakuna aliyekuja kuibomoa Tintern kwa nyundo tangu juu mpaka chini. Ingekuwa kazi kubwa mno. Walichofanya ni kuvua paa. Makanisa yale yaliezekwa kwa risasi, ile metali laini nzito, na risasi ina bei. Wakaivua, wakaiyeyusha, ikawa mali ya mfalme. Basi. Baada ya hapo mvua inafanya kazi yote bila mshahara. Fundi yeyote wa hapa Kisauni atakwambia: nyumba haifi kwa ukuta, inafia juu. Mwambie jirani yako, inafia juu.

Ikapita kama miaka mia mbili. Ndipo wakaja wachoraji. Kulikuwa na ndugu wawili, Samuel na Nathaniel Buck, miaka ya 1720 mpaka ya 1740, kila kiangazi wanatembea Uingereza na Wales kuchora magofu ya abasia na ngome. Wakirudi mjini wanayachonga kwenye bamba la shaba. Kazi ile si mchezo. Unakata mistari myembamba kwa kichuma chenye ncha, na unachonga kinyume, kulia kuwe kushoto, kwa sababu karatasi itaigeuza. Kisha unapaka wino, unafuta juu kwa kitambaa, wino unabaki ndani ya mikato tu, unaweka karatasi iliyoloweshwa kidogo na kuikandamiza kwa mashine nzito. Bamba moja linatoa mamia ya picha. Ndugu hawa peke yao walitoa picha zaidi ya mia nne, na baada yao wakaja wengine wengi. Ikawa mtu mwenye nafasi hana sebule kama hana gofu ukutani.

Siwalaumu wachongaji. Bila wao tusingejua mengine yalikuwaje, maana baadhi ya yale magofu nayo hayapo tena. Nawatazama walionunua. Babu zao walikuwepo paa likivuliwa, na wengine wamejenga nyumba zao kwa mawe ya palepale. Mjukuu anatundika picha na kusema, tazama jinsi lilivyoanguka vizuri.

Mnacheka. Kulikuwa na kasisi, mhubiri kama mimi, jina lake William Gilpin. Alifika Tintern mwaka 1770 na mwaka 1782 akatoa kitabu cha safari hiyo, chenye picha. Kitabu kilipendwa sana, watu wakawa wanapanda mashua kushuka ule mto wakiwa nacho mkononi. Unajua alilalamikia nini? Kwamba kuta za pembeni kule juu zimebaki zimenyooka mno, haziumbuki vya kutosha kupendeza, na kwamba nyundo ikitumiwa kwa busara ingesaidia. Kasisi huyo! Anaona kanisa limekufa na tatizo lake ni kwamba halijafa kwa umbo zuri.

Msiseme ni mambo ya Wazungu. Vukeni daraja la Nyali mwende Fort Jesus. Mwaka jana tuliwapeleka watoto wa Shule ya Jumapili. Ndani ya ngome ile kuna mabaki ya kikanisa cha Wareno, kuta fupi tu zimebaki, na watoto wetu walikaa juu yake wakala mandazi. Wareno walianza kuijenga ngome 1593, na watawa wao wa Mtakatifu Augustino walikuwa na nyumba kisiwani kuanzia 1597. Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan akawageukia. Huyu alilelewa nao Goa, wakambatiza, wakampa jina Jerónimo, lakini baba yake alikuwa ameuawa na mkono wa Wareno ulikuwamo. Waliuawa Wakristo wengi siku zile, watawa nao. Mimi nawaheshimu waliokufa wakishikilia imani yao. Lakini msalaba ukishushwa pwani kutoka kwenye meli ile ile iliyobeba mizinga, mtu wa pwani atavitofautishaje? Mwaka 1698 ngome ikatwaliwa na Waomani, na hakuna ushirika uliobaki kusema sisi ni wana wa wale.

Na hapa kwetu, upande huu wa bara? Kengeleni. Makanga wanaita kutwa, "Kengeleni! Kengeleni shuka!" Nani kati yenu ameitazama hiyo kengele mwezi huu? Nyooshe mkono. Mmoja. Na yeye anauza maji palepale. Ile kengele ni ya Frere Town, mahali ambapo kuanzia 1875 wamishenari wa CMS walikaa na watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mtu alitolewa kwao, Nyasa au kwingine, na minyororo, akafika hapa hana ukoo wala lugha ya jirani yake, na kengele ndiyo iliyomwambia sasa tunasali, sasa kuna hatari, sasa shuleni. Leo ni jina la steji. Na kule mbele, upande wa Nyali, kuna kaburi la Rosine Krapf, mke wa mmishenari Johann Ludwig Krapf. Alikufa kwa homa Julai 1844, na mtoto wake mchanga naye akamfuata. Tunalipita tukienda kuogelea.

Sasa tusome. Nehemia mlango wa kwanza. Huyu bwana yuko Shushani, ana kazi nzuri ikuluni, mnyweshaji wa mfalme. Anapata habari za Yerusalemu, ukuta umebomoka na malango yameteketea. Mstari wa nne unasema alifanya nini? Alikaa chini, akalia, akaomboleza siku kadhaa, akafunga. Mlango wa pili amefika. Anakaa siku tatu hasemi kitu. Kisha anatoka usiku na watu wachache, na mnyama mmoja tu, yule aliyempanda. Anazunguka ukuta gizani. Mstari wa kumi na nne unasema ilifika mahali kifusi kimejaa mpaka mnyama akakosa pa kupita. Mimi napenda sana mstari huo. Mtu anayeangalia gofu kwa mbali hakwami popote. Ukikwama ujue umefika.

Na angalieni, alienda usiku. Usiku huwezi kuona uzuri wa gofu. Unaona unachogusa.

Kisha anawaambia wenyeji, mnaiona dhiki tuliyo nayo, twendeni tujenge. Mlango wa tatu ni majina tu, watu wengi wanauruka. Msiuruke. Mfua dhahabu yumo, mtengeneza manukato yumo, Shalumu na binti zake wamo, na wengi wanajenga mbele ya mlango wa nyumba yao wenyewe. Na mlango wa tano, kazi ikiwa imepamba moto, maskini wanapiga kelele kwamba mashamba na watoto wao wamewekwa rehani. Nehemia hasemi subirini tumalize ukuta. Anakusanya wakubwa na kuwakemea mbele ya watu wote.

Wapendwa, sasa nifike nyumbani. Nilitaka kuishia hapo, Roho akanikataza, tangu Jumanne sijalala vizuri.

Mnajua tulikotoka. Ukumbi wetu wa zamani kule Mtopanga, kuta za mawe, ndipo wengi wenu mliokoka, ndipo tulikesha mpaka majirani wakatuzoea. Tulipopata kiwanja hiki karibu na lami tukajenga hapa, na pesa ya paa ikapungua. Kamati ikakaa, mimi mwenyekiti. Tukasema kule kuna mabati 62 bado mazima, tukayashushe. Tukapeleka lori. Mabati hayo ndiyo haya juu ya vichwa vyenu, upande wa kina mama. Niliweka sahihi mimi. Nikatangaza kwamba watu wa Mtopanga wote sasa watasali hapa, Mungu ametupandisha ngazi. Mkapiga makofi. Sikuuliza mama mwenye wajukuu watatu atapata wapi nauli ya kuja na kurudi, mara mbili kwa wiki.

Sasa mwaka huu kuna maadhimisho, na kamati ya maadhimisho inatengeneza kalenda. Wakasema kurasa ya kwanza iwe ukumbi wa zamani, tuandike Tulikotoka. Wazo zuri. Kijana wetu mmoja akaenda na kamera saa za machweo, na ninyi mnajua jua la Mtopanga jioni. Akaniletea kwenye simu. Kuta zimesimama, paa hakuna, mpapai umeota ndani palipokuwa madhabahu, mwanga unaingia dirishani kama asali. Nikasema, kijana una kipaji. Akaniambia, "Mchungaji, kuna mama amekaa kwenye kona, ameingia kwenye picha. Nimkate?"

Nikamjibu, "Mkate, picha itoke safi."

Nimesema hivyo, mimi mchungaji wenu. Niko chini ya gofu la Tintern ukutani mwangu wakati nasema.

Jumatatu usiku binti yangu akaendelea kunisomea kile kitabu cha Gilpin. Kumbe kuna habari nyingine. Magofuni palikuwa na watu maskini, wamejenga vibanda ndani ya kuta, wanaomba wageni. Na kulikuwa na mwanamke mmoja, mgonjwa wa viungo, anajikokota kwa fimbo mbili, akasema atawaonyesha maktaba ya watawa. Wakamfuata. Akawapeleka kwenye chumba chenye unyevu, hakuna kitabu hata kimoja, kuna kitanda kibovu. Palikuwa kwake. Hakuwa na cha kuwaonyesha isipokuwa anapoishi. Gilpin angalau aliandika. Nikainuka nikaenda kuitazama hii picha yangu kwa tochi ya simu, kila kona. Watu wawili, yule mwenye fimbo ananyoosha mkono juu. Mama hayumo.

Jumanne asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Mtopanga. Nikaulizia, nikampata. Ni mshirika wetu tangu siku za mwanzo, wengine mnamfahamu, sitamtaja kwa sababu hakunituma. Nikamwamkia, nikamwuliza, mama, kijana alikukuta ukumbini jioni, ulikuwa unafanya nini? Akanitazama. Akasema, "Si ilikuwa Alhamisi?"

Alhamisi, wapendwa. Saa kumi na moja, maombi ya Alhamisi. Tuliyahamishia hapa na mabati. Yeye na kina mama wengine wawili hawakuhama. Wana mkeka, wanaukunja wakimaliza, mvua ikinyesha wanasimama chini ya linta ya mlango. Wanaombea watoto wa mtaa ule, na mtaa ule, ninyi mnajua, unga umemaliza vijana. Mmoja wao ana mtoto wa kiume kwenye hayo. Wanatuombea na sisi pia. Aliniambia walifunga siku tatu kwa ajili ya mguu wangu, na mimi nilisimama hapa nikamshukuru Mungu kwa mguu bila kujua.

Nikamwomba msamaha kuhusu paa. Akasema, "Mchungaji, lile lori lilipokuja mimi nilifurahi. Nilidhani mnaleta."

Nilikaa kwenye kifusi pale nikakwama kama mnyama wa Nehemia.

Basi nimefanya yafuatayo, na wazee wa kanisa tulikaa Ijumaa wakakubali, ingawa mmoja alisema pesa ya vigae haitatosha, na ni kweli haitatosha. Vigae vitangoja. Kalenda haitakuwa na picha ile. Hii ya Tintern nitamrudishia ndugu yetu, na akipenda aiuze, anunue friji. Mafundi wawili wa hapa wamejitolea kupima paa la Mtopanga; kina baba wengine wenye ujuzi wa mbao wanione baada ya ibada, pale mlangoni, leo hii. Sisemi tuyarudishe haya yaliyo juu yenu. Mvua ya masika iko karibu na hapa kuna watoto. Tutanunua mengine, machache machache, na atakayeleta bati moja alete moja.

Na maombi yanarudi Mtopanga Alhamisi hii, paa au bila paa, saa kumi na moja jioni. Nitakuwepo. Kina mama wale watatu ndio watakaoongoza, mimi nitakaa mkekani. Njooni na mwavuli. Na mkiweza njooni na viti, maana vya kule tulivibeba vyote.